Chumvi Mezani kwa Mama
Tangu kipimo cha mkojo kilipoonyesha kwamba figo za mama yangu, mwenye kisukari kwa miaka mingi, zimeanza kupitisha albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo, nimeelewa kuwa sukari si adui pekee, kwa sababu chumvi hupandisha shinikizo la damu, nalo shinikizo hilo huharibu vichujio vidogo vya figo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Papa mkavu na ng'onda, alivyovipenda mno, tumeviacha, na hilo lilimuuma. Ladha sasa tunaitafuta kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Protini hatukuikata ovyo: daktari alipendekeza gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Ndizi bado anakula kwa kiasi, kwa kuwa potasiamu, madini yaliyomo kwenye ndizi ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, haijapanda katika damu yake.