Nilivyopata waigizaji wa tamthilia yetu mwaloni, si hotelini

"Ukitaka tamthilia yako inunuliwe, chukua binti mweupe kutoka Dar, mfunge kanga, mwambie yeye ni muuza dagaa. Watu wataamini." Aliyeniambia hivyo ni mtayarishaji mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, na hakuwa anatania. Wengine wakaongeza yao: lafudhi ya Kisukuma ni ya vichekesho, mama mtu mzima hauzi, kamera haiwapendi watu weusi, ukitaka albino mpake mtu poda tu, wavuvi hawana muda wala hawashiki maneno. Kila moja ya kauli hizo nimekutana nayo kazini na nimeona kwa macho yangu kwamba si kweli. Inaniuma kuona vijana wanaoanza kazi hii hapa Mwanza bado wanalishwa maneno yaleyale.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta waigizaji wa tamthilia fupi ya runinga kuhusu mama mchuuzi wa dagaa anayeingia ubia wa mtumbwi na wanaume. Hadithi yote iko Ilemela, hapa Mwanza, kati ya Igombe na soko la Kirumba Mwaloni, lile ambalo dagaa wake wanafika hadi Kongo na Burundi. Kibali cha Bodi ya Filamu, barua za serikali ya mtaa, hayo tuliyamaliza, sitayarudia.

Wenye pesa waliagiza usaili utangazwe Instagram na ufanyike ukumbi wa hoteli mjini. Ukafanyika. Ukumbi ulijaa. Walikuja vijana wazuri, wenye bidii, nywele zimetengenezwa, miwani, picha zimechapwa. Nikawaomba waigize mvuvi anayedai fedha zake. Karibu wote walifanya kitu kimoja: waliivuta suruali hadi kifuani, wakalegeza mdomo, wakaanza kuburuta maneno. Walikuwa wanamwigiza yule Msukuma wa kwenye runinga, mlinzi wa geti, mshamba anayeshangaa lifti. Kijana mmoja wa Magu, Msukuma wa baba na mama, aliigiza lafudhi ya bibi yake mwenyewe kwa kuikejeli. Nilimuuliza kama bibi anaongea hivyo kweli. Akanyamaza, kisha akasema, "Hapana dada, lakini ndivyo wanavyotaka." Jibu lile lilinikera kuliko yote niliyosikia siku hiyo, kwa sababu alikuwa mkweli. Amekua akiona hivyo, na kila anayepata kazi anapata kwa kufanya hivyo.

Tena tukumbuke Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa nyota mkubwa kuliko wote wa Bongo Muvi, alikuwa Msukuma, mzaliwa wa Shinyanga. Kipaji cha Kanda ya Ziwa kimewahi kuibeba sinema ya nchi hii mgongoni. Iweje mtu wa kwetu akionekana kwenye kioo akiwa yeye mwenyewe, kwa sauti yake, awe wa kuchekwa tu?

Nikawaambia wakubwa wangu nipeni usafiri na hela ya soda, nitawatafuta watu huko waliko. Wakaniuliza wavuvi nitawapata lini, maana usiku wako ziwani na mchana wamelala. Hapo ndipo nilipojivunia kuzaliwa ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za sola na betri, na dagaa hukusanyika kwenye mwanga kwa sababu ziwa lote lina giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa kila mahali, taa hazina kazi. Kwa hiyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi ya dagaa inapumzika siku kadhaa. Mwalo mzima, yaani ufuko mitumbwi inapotia nanga, unakuwa na watu wanaoshona nyavu, wanaocheza bao, wanaosubiri giza lirudi. Hakuna ukumbi wa hoteli utakaokupa watu wengi hivyo, wa rika zote, wenye muda wa kukaa nawe kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilichukua kalenda, nikatazama mwezi mpevu unaangukia lini, nikapanga usaili wote hapo. Wenzangu wa Dar waliona ni uchawi. Mtoto yeyote wa Igombe angewaambia.

Jambo moja lilitukwamisha kidogo, na lina sababu yake. Wazee wa mwaloni hawaipendi kamera. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare, ya mwongozaji Hubert Sauper, kuhusu sangara na maisha ya hapahapa Mwanza, ikazunguka dunia nzima, ikafika hadi kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Hadi leo ukifika na kamera kuna mzee atakuuliza, "Mmekuja kutupiga tukila mapanki?" yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa. Nilikuwa na jibu moja tu: kila kilichorekodiwa wakione hapohapo. Tulianza kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, shikamoo zikapita, salamu za Kisukuma za mwangaluka zikapita, tukaeleza hadithi mwanzo hadi mwisho, hata sehemu ambayo mvuvi mmoja anaiba. Kila jioni tuliweka kompyuta juu ya mtumbwi uliopinduliwa, watu wakajitazama. Siku ya pili wazee wenyewe ndio waliokuwa wanaita vijana.

Neno usaili sikulitaja. Ukimwambia mtu wa kawaida "igiza", anakuigizia runinga. Nilileta madebe ya dagaa halisi, nikawaweka watu wawiliwawili, mmoja muuzaji mmoja mnunuzi, nikawaambia wapatane bei na hakuna kukubali haraka. Kamera ilikuwa pembeni juu ya stendi yake tangu asubuhi, wameshaizoea.

Akaja mama mmoja, umri wa hamsini na ushei, mweusi tii, sauti nzito, ushungi umefungwa nyuma. Muuzaji wake alikuwa kijana mwepesi wa maneno. Mama hakusema kitu. Alipitisha mkono katikati ya debe hadi chini kabisa, akatoa konzi ya dagaa wa chini, akawamwaga kwenye kiganja cha pili polepole. Akavunja mmoja, akamnusa, akamrudisha. Kisha akamwonyesha yule kijana kiganja kilichobaki na chembe za mchanga, bila neno. Kijana akaanza kujieleza mwenyewe, anapunguza bei mwenyewe, jasho linamtoka. Mama akamwambia, "Mwanangu, hizi zimeanikwa chini, hazikupanda kichanja. Mchanga ninao nyumbani, sinunui." Watu wote mwaloni walipiga kelele. Nilijua nimempata mhusika mkuu.

Waliotoa pesa walipoona video walisema mambo mawili: ni mzee, na lafudhi haitaeleweka nje ya Kanda ya Ziwa. La kwanza niliwajibu kwamba mwenye mtaji wa kuingia ubia wa mtumbwi hawezi kuwa na miaka ishirini na mbili na kope za bandia. La pili sikubishana. Nilikata kipande kifupi cha mama akipatana bei, nikakituma kwa ndugu na marafiki wa Temeke, Tanga na Mbeya, nikawauliza swali moja tu: nani amemshinda mwenzake, na kwa nini? Wote walijibu sawasawa. Wengine wakauliza inaanza lini. Nikapeleka majibu yao mezani yakiwa na sauti zao wenyewe. Ukiambiwa "watazamaji hawataelewa", usikubali maneno matupu. Tafuta watazamaji uwaulize.

Kushika maneno nako walituambia haiwezekani, na mama si msomaji. Hapo WhatsApp ilitusaidia. Sikumrekodia maneno yake, maana angeniiga mimi, angepoteza uzito wake. Nilimrekodia maana: "Hapa anakuomba msamaha, wewe hujamsamehe lakini unamhitaji, unamjibu nini?" Alisikiliza akigeuza dagaa kichanjani, kisha alinitumia majibu yake kwa sauti. Mwandishi wetu alikaa na majibu hayo, akayaandika kwenye skripti yakawa ndiyo mazungumzo rasmi. Yako bora kuliko tuliyokuwa tumeandika, mwandishi mwenyewe anakiri.

Ile ya kwamba kamera haiwapendi watu weusi nayo ina historia ambayo kila mpigapicha anapaswa kuijua. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Filamu zilipoboreshwa, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti waliolalamika kuwa rangi za bidhaa zao za kahawia hazionekani vizuri. Kosa lilikuwa la kipimo. Ngozi haikuwa na kosa lolote, na kamera za leo hazina kisingizio. Ukimsimamisha mtu mweusi saa sita mchana, ziwa na mawingu meupe nyuma yake, kamera itafuata mwanga wa nyuma na uso utakuwa kivuli. Msimamishe mbele ya ubavu wa mtumbwi au ukuta, pima mwanga usoni kwake, mpe shuka jeupe upande mmoja lirudishe mwanga. Poda iliyozidi weupe ngozi yake itupilie mbali. Mama yetu tulimpaka mafuta ya mgando kidogo tu, yaleyale anayopaka nyumbani, na mwanga wa saa kumi jioni ukakaa kwenye mashavu yake vizuri ajabu.

Kwenye skripti ya kwanza kulikuwa na kijana mwenye ualbino. Kazi yake ilikuwa kukimbizwa. Nilikataa kumpaka mtu poda, nikavuka na meli hadi kisiwa cha Ukerewe, ambako watu wenye ualbino ni wengi na wana chama chao. Nikakutana na kijana fundi wa injini za boti, mcheshi, ana uso unaobadilika kila sekunde. Alisikiliza nafasi yake hadi mwisho akauliza, "Dada, kwani sisi kila tukiitwa lazima panga liwepo?" Sikuwa na jibu. Mauaji yalikuwepo kweli, kanda yetu inajua, na hayapaswi kufichwa. Filamu ya White Shadow ya mwaka 2013, iliyopigwa Tanzania, ilimweka Hamisi Bazili, kijana mwenye ualbino, kuwa mhusika mkuu, ikashinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kule Venice. Ni kazi ya ujasiri. Lakini hata humo anawindwa. Mtoto mwenye ualbino anayekua huko Ukerewe anastahili pia kuona mtu kama yeye anatengeneza injini, anachumbia, anagombana kuhusu bei ya petroli. Nikarudi kwa mwandishi, tukambadilisha mhusika akawa fundi wa mtumbwi wa mama, na yeye ndiye anayemshika mwizi.

Kufanya naye kazi kunahitaji mpangilio, si huruma. Matukio yake ya nje tulipiga asubuhi mapema na jioni, mchana yuko kivulini. Kofia pana na mikono mirefu ikawa ndiyo vazi la mhusika. Kule Moshi hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hayo tuliyaweka kwenye bajeti pamoja na chakula, si msaada wa hiari. Taa hazikuelekezwa machoni. Skripti yake tulichapa kwa herufi kubwa, ingawa naye baadaye alipendelea sauti za WhatsApp.

Kuna walioniambia haya ya kuwapa nafasi watu wa kila aina ni mambo ya Wazungu. Ni kweli wenzetu wameyaandika kabisa: tangu tuzo za Oscar za mwaka 2024, filamu inayowania Picha Bora inatakiwa itimize vigezo viwili kati ya vinne vya ujumuishi, kuanzia walio mbele ya kamera hadi mafundi, mafunzo ya vijana na watu wa masoko. Lakini mfano wangu uko karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa letu. Mwongozaji Mira Nair alipotengeneza filamu ya Queen of Katwe nchini Uganda, iliyotoka 2016, nafasi kuu alipewa Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la ngoma, aliyewahi kuuza mahindi mtaani. Alisimama na Lupita Nyong'o na David Oyelowo bila kutetereka.

Malipo nayo ni sehemu ya heshima. Mtu wa mwaloni msimlipe "asante na picha". Tuliuliza siku nzuri mwaloni inampa mtu kiasi gani, tukalipa zaidi ya hapo, na kwa waigizaji wakuu wote jumla haikufika nusu ya gharama ya kuleta binti wa Dar: nauli, hoteli na posho. Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili, ukasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi. Mama alidai kipengele chake mwenyewe: mvua ikinyesha yuko kwenye kamera na dagaa wake wako kichanjani, hasara ni yetu. Tulikiandika kama alivyokisema. Alasiri moja wingu likashuka kutoka upande wa ziwa katikati ya tukio kubwa, mwongozaji akasimamisha kazi mwenyewe, na timu nzima, mpaka mshika kipaza sauti, ikakimbia kuanua. Dagaa wakaokoka, tukarudi kupiga kesho yake. Sasa tunaandaa sehemu zinazofuata, na kipengele hicho tumekiweka kwenye mkataba wa kila mchuuzi.