Lile jiwe la Ivuna

Jumapili nilimsahihisha baba mkwe mbele ya wajukuu wake, na hadi leo sijakaa sawa.

Chanzo ni Doto na maswali yake: eti maji ya duniani yalitoka wapi? Mwalimu mimi nikaachia somo. Dunia ilizaliwa ya moto, maji mengi huenda yaliletwa na mawe kutoka angani. Mzee akainua uso kwenye sahani.

"Kama lile la kwetu Ivuna."

"Hapana baba, lile ni la Mbozi. Tena ni chuma tupu, tani 16, halina hata tone."

"Haya, mwanangu. Nyie ndio mmesoma."

Akarudi kwenye mchicha wake.

Nyie ndio mmesoma. Angekasirika ningepona. Nimelisikia nikisahihisha mitihani, nimelisikia Jumanne Baba Doto alipoleta barua ya uhamisho wa Tabora (hiyo tutaiongea), nimelisikia nikipiga mswaki.

Jana usiku nikatafuta. Jiwe lipo! Lilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, na vilivyookotwa havifiki hata kilo moja. Si chuma. Maji yamo, zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, ila yamefungwa ndani ya madini, huwezi kuyakamua. Kundi zima la mawe hayo adimu linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Wajapani walipoleta kokoto za Ryugu, jiwe kubwa linalozunguka jua, mwaka 2020, walikuta zinafanana na jiwe la kina mzee. Na haidrojeni nzito (aina ya haidrojeni inayopimwa kujua maji yametoka wapi) ya mawe ya namna hii inakaribiana na ya bahari zetu, wakati ile nyota ya mkia iliyofikiwa na chombo cha Rosetta mwaka 2014 ilipimwa ikiwa nayo kama mara tatu ya bahari. Wapo wataalamu wanaosema maji mengi yalikuwemo humuhumu duniani tangu mwanzo, hawajamalizana.

Nikacheka peke yangu jikoni, saa saba usiku. Kwenye kimondo cha Mbozi nimepeleka wanafunzi mara mbili, nikajiona bingwa wa mawe.

Asubuhi nikampigia.

"Baba, lile jiwe ni la Ivuna kweli."

"Kwani mimi nilisema la wapi?"

Kisha akauliza kama ile chumvi ya kwao aliyotuletea imekwisha.

Haijaisha. Kilichonikaba sasa ni kitenge cha sare ya harusi: kiko kwa fundi, harusi Jumamosi, na simu yake haipatikani tangu juzi.