Nyimbo adimu, toleo la pili: namba 7 imekubali

Imekubali! Wimbo namba 7 wa mkusanyiko wetu wa kaseti umerudi kwenye sauti yake baada ya wiki tatu za kubahatisha, na mchawi alikuwa betri.

Toleo la majaribio la mkusanyiko wa nyimbo adimu za mtunzi wetu wa hapa Iringa, nyimbo 14 kutoka kaseti 6, liligawiwa kwa wasikilizaji wachache walikosoe kabla halijatoka. Tungo zilisifiwa, hasa zile za gitaa moja na sauti moja, ambazo kiitikio chake kinasimama chenyewe bila kinanda. Usafi wa sauti ndio uliopigwa rungu. Wengi walisema anaimba kama yuko ndani ya ndoo. Na waliomjua Mzee mtunzi tangu enzi za jukwaani wakasema kuhusu namba 7: "Huyu siye, ni mdogo wake."

La ndoo lilikuwa haki yao, na dawa yake ni fupi. Kelele zilipunguzwa kwa desibeli 24, zikaondoka pamoja na pumzi na herufi "s" zote. Sasa ni desibeli 6, basi. Shhh ya utepe ibaki. Anayetafuta nyimbo adimu anaivumilia shhh. Sauti iliyopikwa haivumilii.

La "mdogo wake" ndilo lililokula wiki tatu. Sauti iko juu, sawa, lakini juu kwa kiasi gani? Gitaa halisaidii kitu kwa sababu lilikazwa nyuzi kwa sikio. Deki, yaani mashine tunayopigia kaseti, nayo haina kosa: ilipimwa kwa kaseti ya kiwandani ambayo wimbo wake upo pia kwenye CD, sekunde 240 kwa 240. Kwa hiyo kosa limo ndani ya utepe wenyewe. Redio-kaseti iliyorekodi ilikuwa ya betri, na betri zikichoka mota inakokota. Utepe uliopaswa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde unakwenda pungufu. Ukiupiga kwenye deki nzima, kila kitu kinaharakishwa na kupanda.

Kilichotuokoa ni mvumo wa amplifaya ya ukumbini. Redio ilikuwa ya betri, lakini amplifaya ilikuwa kwenye umeme wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), na transfoma yake huvuma kwa 100 Hz na vizidishi vyake (200, 300 na kuendelea). Maiki iliunasa. Ukiupata mvumo huo kwenye utepe, umepata rula.

Hapa ndipo tulipojikwaa mara mbili. Kipimo cha kwanza kilionyesha kilele cha 98 Hz, ikaonekana kwamba utepe uko chini, kinyume kabisa na masikio. Kumbe ni noti ya gitaa la besi! Usipime wakati besi inalia. Pima kwenye ukimya kabla wimbo haujaanza, na kwenye vituo kati ya beti. Kosa la pili ni kupima kwenye 100 Hz penyewe. Panda hadi 300 Hz: usomaji ukikosea kwa nusu Hz, kosa linakuwa theluthi tu ya lile la kule chini.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: tengeneza nakala ya mono (chaneli moja), ishushe hadi sampuli 8000 kwa sekunde, kisha chora spektra (mchoro wa nguvu ya kila masafa) kwa ukubwa wa 16384. Dirisha, yaani kipande kinachopimwa, ni kama sekunde mbili, na hatua ni karibu 0.49 Hz. Mwanzo wa namba 7 ulisoma 313.8 badala ya 300, yaani senti 78 juu (senti 100 ni nusu toni). Mwisho wake ulisoma 321.3, senti 119, zaidi ya nusu toni. Betri zilikuwa zinakufa wimbo ukiendelea! Ndiyo maana kila sahihisho la spidi moja lilikuwa zuri ubeti wa kwanza na bovu ubeti wa mwisho.

Basi ni traki ya muda, inayobadilisha spidi wimbo ukiendelea: asilimia 95.6 ya spidi mwanzoni, 93.4 mwishoni, na alama tatu katikati kwenye kila kituo kilichopimika. Wimbo wa dakika 3:52 umekuwa 4:05. Sauti imeteremka kifuani, na ile "r" yake nzito imerudi.

Neno kuhusu vifaa: msinunue vile vikaseti vya plastiki vya kuchomeka USB. Mota zinayumba, na ukishaingiza myumbo wako juu ya myumbo wa utepe hakuna rula itakayokutoa. Deki kuukuu kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, belti mpya, hedi (kichwa kinachosoma utepe) iliyosafishwa kwa spiriti na kukazwa upya skrubu ya mwelekeo kwa kila kaseti (sikiliza kwa mono, simama pale "s" inapong'aa) inavishinda mara kumi. Kaseti mbili zilizokaa Mufindi zina ukungu mweupe ukingoni; hizo hazigusi deki mpaka zisafishwe, la sivyo ukungu unahamia kwenye hedi na kwenye kaseti inayofuata.

Jalada na maelezo ya nyimbo vilipangwa wiki hii. Vimesimama kwanza. Namba 3 na 11, ambazo hakuna aliyezilalamikia, zimetoka kwenye kaseti hiyohiyo ya namba 7, na kipimo cha haraka cha namba 11 kimesoma 308 badala ya 300.