Tezi ya boti yangu ilikuwa imeloa ndani: sikumimina rezini, nilikata

Boti yangu ni ya faiba, futi 23, ya zamani. Inalala Kunduchi, Dar, na kazi yake ni kupeleka watu kisiwa cha Mbudya. Kwa nje inang'aa, lakini kila nikivuta mafuta mashine ilikuwa inainama na tezi nzima, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine, inacheza. Niliowauliza wote walinipa dawa ileile: toboa vitundu, mimina rezini (ule uji unaogandisha faiba), ziba, rudi kazini. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo.

Ndani ya tezi ya boti hizi kuna plaiwudi iliyobanwa kati ya maganda mawili ya faiba. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti za mashine, kwenye skrubu za vitu vilivyoongezwa baadaye na kwenye shimo la kizibo cha kutolea maji. Yakishaingia, hayana pa kutokea. Mvua ndiyo adui mkubwa, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao hustawi kwenye maji baridi kuliko kwenye ya chumvi. Sasa mbao imejaa maji, rezini itakwenda wapi? Hainywewi na mbao iliyoloa, wala haiishiki.

Niligonga tezi yote kwa nyundo ya plastiki. Juu ililia ko, ko. Kuanzia usawa wa bolti za chini kwenda kwenye kizibo ikawa bu, bu. Fundi akatia kidole kwenye tundu la bolti, akasema, "Bosi, hapa pakavu kabisa."

Mimi kidole sikukiamini. Nikachukua ule msumeno wa duara wa kutobolea vitasa vya milango, nikatoa kipande cha upana wa kizibo cha soda upande wa ndani, nikakifunga kwenye nailoni papo hapo kisipoteze maji, nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwa sonara. Mzee yule alikipima kwa makini yaleyale anayopimia pete: gramu 24. Nyumbani nikakikausha kwenye oveni kwa moto mdogo, nikakirudisha kwake, nikakausha tena, mpaka uzito ukagoma kushuka. Gramu 16. Yaliyotoka ni maji gramu 8, yaani nusu ya uzito wa mbao yenyewe, asilimia 50! Mbao huanza kuwa hatarini ikipita kama asilimia 20, na kwa hewa yetu ya Dar mbao kavu hukaa kwenye 15 hivi. Fundi alipoziona hesabu hakubisha tena.

Masika ilipokwisha tukakata kwa ndani. Ganda la nje usiliguse, ndilo linalokupa umbo, na la ndani acha ukingo wa vidole vinne kuzunguka ili faiba mpya ipate pa kushika. Vaa barakoa ya maana, vumbi lile halina huruma. Tulipobandua tukakuta vijiti vya rezini ngumu vimesimama kama mishumaa, pembeni yake tope jeusi la mbao linalochoteka kwa kijiko. Kumbe mwenye boti wa kwanza alishapewa dawa ileile.

Ganda lililobaki lianikwe, halafu jioni libandikie nailoni inayoonyesha ndani kwa utepe wa gundi pande zote. Asubuhi ukikuta jasho ndani ya nailoni, bado.

Niliweka marini bodi (plaiwudi ya boti) mbili za milimita 18, kingo zimenyweshwa epoksi kwanza. Epoksi ni ghali kuliko rezini ya kawaida lakini inashika mbao na faiba ya zamani kwa nguvu zaidi. Ila usiongeze hadina, ile dawa ya kuigandisha, ili ikauke haraka; kwenye epoksi ukizidisha kipimo inabaki laini. Changanya kidogo kidogo alfajiri, kwenye chombo kipana, maana kwa joto letu ikirundikana kwenye kopo inaanza kufuka moshi. Kubana bodi tulitumia matundu yaleyale ya mashine, bolti ndefu na mbao nene kwa nje.

Matundu yenyewe tuliyatanua, tukayajaza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao, ndipo tukatoboa upya katikati. Bolti sasa inapita kwenye epoksi, haigusani na mbao hata kidogo. Hapo ndipo mafundi wengi wanaruka.

Gharama, pamoja na fundi, ilikaribia milioni moja na nusu. Mashine imerudi, navuta mafuta mpaka mwisho nikielekea Mbudya na tezi haitikisiki.

Mataruma ya chini, yaani mbavu za boti, nayo nimeyagonga yote. Moja la kushoto, karibu na tangi la mafuta, linatoa bu. Kipande chake kiko kwenye nailoni, Jumatatu kinakwenda kwa sonara.