Guitar Center: duka lililozidiwa na deni lake

Kila Guitar Center, kampuni ya Marekani yenye maduka ya ala za muziki, inapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba vijana wameliacha gitaa wakahamia kwenye kompyuta, na kwamba hilo ndilo lililoifikisha kampuni hiyo mahakamani mwaka 2020. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu kampuni yenyewe ilianza kwa kuuza kitu kingine kabisa, na kwa miaka mingi ilijua kuwafuata wateja wake kokote walikoelekea.

Wayne Mitchell alipofungua duka lake Hollywood, California, mwaka 1959, aliliita The Organ Center, nalo liliuza vinanda vya umeme vya majumbani na makanisani. Baadaye bendi za Uingereza ziliiteka Marekani, na kwa kuwa Beatles walipiga kwa amplifaya (vikuza sauti) za Vox, kila kijana aliyetamani kuunda bendi alizitaka hizo hizo. Mitchell alianza kuziuza mwaka 1964, na duka likawa The Vox Center. Kufikia mwishoni mwa muongo huo wanamuziki wa roki walikuwa wamehamia amplifaya za Marshall, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Guitar Center, ambalo kwa bahati njema halikulifunga duka kwa mtengenezaji yeyote.

Ray Scherr, aliyekuwa meneja wa tawi la San Francisco, aliinunua kampuni mwaka 1980. Hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1997, na miaka miwili baadaye ikainunua Musician's Friend, kampuni iliyouza ala kwa katalogi na kwa intaneti. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wanaoona mbali, kwani wenye maduka wengi wakati huo walikuwa bado wanaidharau biashara ya mtandaoni.

Mambo yaligeuka mwaka 2007, kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital ilipoinunua kwa takriban dola bilioni 2.1, deni likiwemo. Katika ununuzi wa aina hii mnunuzi hutoa sehemu tu ya fedha na nyingine hukopwa, lakini mzigo wa mkopo haumwangukii yeye, bali kampuni iliyonunuliwa ndiyo inayoubeba na kuulipia riba. Faida inayopatikana kwa kuuza gitaa, nyuzi na ngoma, ambayo ingeweza kukarabati maduka au kuwalipa vizuri wauzaji wanaoijua kazi yao, huanza kwanza kupita mikononi mwa wakopeshaji. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 2008. Mtu akibanwa na maisha anaweza kuahirisha kununua gitaa, riba haiahirishwi.

Mwaka 2014 kampuni ya uwekezaji ya Ares Management, iliyokuwa miongoni mwa wakopeshaji, ilikubali sehemu ya deni ililokuwa ikidai igeuzwe hisa, na hivyo ikawa mmiliki mkuu. Deni lilipungua bila kwisha, na Novemba 2020 Guitar Center iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai ikiwa inadaiwa takriban dola bilioni 1.3. Ni kweli kwamba janga la korona lilikuwa limefunga maduka yake, lakini mwaka huo huo watu waliofungiwa majumbani walinunua magitaa kwa wingi, hata Fender, watengenezaji wa magitaa, ikatangaza mauzo makubwa kuliko wakati wowote katika historia yake. Wateja walikuwepo. Mahakama iliidhinisha mpango uliopunguza deni kwa karibu dola milioni 800, na kabla mwaka haujakwisha kampuni ikatoka chini ya ulinzi huo.

Hata hivyo, hoja yangu ina mpaka, na mpaka huo ni Sam Ash. Duka hilo la ala za muziki lililoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 1924 lilibaki mikononi mwa familia ile ile kizazi baada ya kizazi, bila kupitia ununuzi wa mkopo kama huu, na bado mwaka 2024 lilitangaza kufunga matawi yake yote kwa kushindwa kuhimili ushindani wa mtandaoni. Deni linaeleza kwa nini Guitar Center ilifika mahakamani. Halielezi kila kitu kinachoikabili biashara ya ala za muziki.