Besi hawakuwa na kosa, ilikuwa geini

Wiki tatu zilizopita niliwaambia watu wa besi kwenye kwaya yetu wasogee hatua mbili mbele karibu na maiki maana kwenye rekodi hawasikiki, na mmoja wao ni mzee wa kumwamkia shikamoo kabisa, anaimba besi tangu mi sijazaliwa. Alisogea bila neno. Sasa nimekuja kugundua besi walikuwa wanaimba vizuri tu na rekodi ilikuwa sawa, tatizo lilikuwa kiswichi kidogo pembeni ya ampu yangu ya hedifoni, yaani kile kiboksi cha kukuza sauti kinachokaa kati ya laptopu na hedifoni, kile kilichoandikwa L na H. Roho imeniuma kweli ndo maana naandika, labda kuna mwingine anahangaika hivohivo.

Mi ndo narekodi nyimbo za kwaya hapa Uyole, Mbeya, naweka kwenye laptopu halafu usiku watu wakilala nakata na kupanga. Nasikilizia iafoni, zile ndogo za kuchomeka ndani kabisa ya sikio, na ni aina ile inayopiga kwa umeme kidogo sana, simu ya kawaida tu inazitosha. Ampu niliinunua mkononi kwa jamaa wa Dar, ikaja na basi nikaipokea stendi ya Nane Nane, na yule jamaa akaniambia kwenye simu bro weka H muda wote, L ni ya kubania chaji tu, H ndo inatoa mziki wenyewe. Nikamwamini, nikaweka H, nikasahau kama kuna swichi.

Kwanza nikaanza kusikia shhhhh. Mchana husikii kitu, pikipiki zinapita, watoto wanacheza, lakini usiku wa Uyole mwezi wa saba, baridi imekaza na hata mbwa wamejikunyata, ile shhhh inakuwa kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Nikasema rekodi imeingia kelele, nikaita kwaya turudie, wakaja Jumamosi asubuhi na makoti na vitenge mabegani wakaimba upya wimbo mzima. Usiku nasikiliza, shhhh ipo palepale. Nikabonyeza kusimamisha mziki, shhhh ipo. Nikachomoa waya wa laptopu kabisa, ampu imebaki peke yake na iafoni, shhhh bado ipo na ukizungusha sauti juu chini haibadiliki. Hapo ndo nikaelewa kelele inatengenezwa na ampu yenyewe, na nilivosukuma kile kiswichi kwenda L ikapungua mpaka nikawa nashika pumzi ndo niisikie.

Kile kiswichi kinabadilisha geini, L ni geini ndogo na H ni geini kubwa, na geini kwa lugha nyepesi ni ampu inakuza umeme mara ngapi. Geini ya desibeli 0 kinatoka kilichoingia, desibeli 6 ni kama mara mbili, desibeli 12 mara nne, desibeli 20 mara kumi. Kwa hiyo H haiongezi uzuri wowote na wala sio nguvu mpya, ni kuzidisha tu, na inazidisha kila kitu pamoja na ule mvumo wa saketi yenyewe. Na kwenye ampu ndogo nyingi nobu ya sauti, kile cha kuzungusha, inakaa kabla ya sehemu ya kukuzia, ndo maana ukipunguza sauti mziki unashuka ila mvumo haushuki.

Sasa hesabu, maana hii ndo ilinifungua macho. Chukua iafoni zilizoandikwa desibeli 110 kwa miliwati moja, yaani ukizipa umeme wa miliwati moja zinapiga kwa ukali huo, na ohm 16, ohm ni kipimo cha jinsi zinavozuia umeme. Miliwati moja kwenye ohm 16 ni volti 0.126 hivi. Lakini desibeli 110 ni kelele ya kuumiza, hakuna anayesikiliza hapo. Tuseme unataka desibeli 85, ambayo tayari ni sauti ya juu, unahitaji milivolti 7 tu. Saba! Na kifaa chako labda kinatoa volti 1 nzima. Yaani hata bila kukuza chochote inabidi nobu iminye desibeli 43 ndo ufike hapo, na ukiweka geini ya mara nne inabidi iminye desibeli 55. Ni kama mabomba ya mtaa wa bondeni ambako tanki liko juu mlimani, ukigusa koki kidogo tu maji yanafyatuka mpaka ndoo inaruka, sasa we unaenda kuongeza presha tena.

Na hapa ndo tunarudi kwa besi. Kwa sababu nilikuwa H, nobu yangu ilikuwa inaishia mwanzoni kabisa, nikipandisha kidogo masikio yanauma, basi nikawa naishi pale kwenye milimita za kwanza. Nobu ya kawaida ya kuzungusha ndani yake ina njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na pale mwanzoni kabisa hizo njia mbili huwa hazilingani, upande mmoja unatangulia mwingine unachelewa, ukishafika mbele zinakaa sawa. Sasa kwaya yetu soprano wanasimama kushoto, besi kulia. Ampu yangu mwanzoni inachelewa kulia. Umeona? Nilikuwa nasikia soprano wamejaa na besi wako kama nyuma ya ukuta, nikawalaumu watu.

Nilivohakikisha ni hivi. Nilibadilisha iafoni, ya kulia nikaweka sikio la kushoto, ule unyonge ukahama pamoja na iafoni, kwa hiyo sio sikio langu. Halafu nikacheza hotuba ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa maiki moja, ambayo inatakiwa isikike katikati ya kichwa, ikawa imeegemea kushoto. Nikaweka L, nikapandisha nobu mpaka karibu nusu nikapata sauti ileile ya mwanzo, yule mtu akarudi katikati. Kisha nikafungua wimbo wetu na besi wakatokea kulia, wazima, kila mtu na sauti yake, yule mzee namsikia mpaka anavovuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilikaa kimya muda mrefu aisee.

Kwa hiyo mi ushauri wangu kwa mwenye iafoni za aina hii ni anzia L, na kama sauti inakutosha kabla nobu haijafika mwisho basi baki hapohapo, huhitaji H. H ina kazi yake, hedifoni kubwa za ohm 300 kama Sennheiser HD 600 zinataka volti 0.55 hivi ili zipate hiyo miliwati moja, au kama chanzo chako chenyewe kinatoa umeme dhaifu, hapo weka H kwa amani. Ila usisome desibeli za kwenye boksi harakaharaka, angalia zimeandikwa kwa miliwati au kwa volti, maana ile iafoni ya 110 kwa miliwati ukiipima kwa volti inakuwa 128, iafoni ni ileile.

Kuna ampu zingine zimepangwa tofauti, ukuzaji unaanza halafu nobu inafuata, mfano O2 ile ambayo mwandishi wa blogu aliyejiita NwAvGuy aliitoa mwaka 2011 michoro yake ikiwa wazi kwa kila mtu, geini zake za kawaida ni mara 2.5 na mara 6.5. Hizo ukipunguza nobu mvumo nao unashuka, lakini ukiingiza umeme mkubwa ukaweka geini kubwa sehemu ya kukuzia inazidiwa na mziki unakwaruza hata kama nobu iko chini. Uzuri wake fundi anayejua kuchomelea anaweza kubadilisha rizista, vile vidude vya kuzuia umeme, akashusha geini mpaka mara moja.

Nikiwa hapo, kuna watu wanaweka adapta yenye rizista kati ya ampu na iafoni ili kuua mvumo. Mvumo unakufa kweli, ila kama iafoni ina vispika vingi vidogo ndani, ohm zake zinapanda na kushuka kulingana na noti, kwa hiyo rizista inabadilisha sauti yenyewe, besi au treble zinahama. Kwa anayechanganya rekodi hiyo hapana.

Kitu kingine ni mvua. Anayekaa Tukuyu au huku kwetu anaelewa, mvua ikishuka kwenye bati husikii hata mtu aliye mbele yako, unapandisha, unapandisha, mvua inakatika ghafla na we umeshazoea, sauti inabaki kulekule. Ukiwa H ni hatari zaidi maana kidole kikiteleza kidogo tu umeruka mbali. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, na 100 ni dakika 20. Siku hizi mvua ikianza mi nafunga laptopu nasubiri. Na kile kiswichi nikitaka kukigusa natoa iafoni masikioni kwanza na nobu narudisha sifuri.

Juzi baada ya ibada nilimfuata yule mzee, nikamsalimia, nikamweleza yote na kumwomba radhi, nikamvalisha iafoni nikamwekea wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho amefumba macho, akazitoa taratibu akasema ndaga mwanangu, yaani asante kwa Kinyakyusa, kumbe tunasikika. Jumamosi tunarekodi tena ule wimbo wa pili na besi wanarudi kusimama palepale walipokuwa wanasimama mwanzo.