Orki wangu kanyoosha mgongo

Wachezaji wa World of Warcraft, ule mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, mnakumbuka orki wa kiume (wale wapiganaji wenye miili mikubwa na ngozi ya kijani) walivyokuwa wamejikunja, shingo mbele, mgongo kama upinde? Mwaka 2018 wakaletewa chaguo la kusimama wima, na kwangu mimi hilo ndilo badiliko zuri kuliko yote. Shoka lilelile, mavazi yaleyale, lakini ukimtazama kwa nyuma (na huko ndiko tunakomtazama muda wote!) ni mtu mwingine kabisa. Joho linashuka sawasawa na mabega yanaonekana. Nilipombadilisha wangu nilimtembeza mjini bila shughuli yoyote, namwangalia tu.

Halafu 2020 kinyozi wa ndani ya mchezo akaanza kubadilisha karibu kila kitu: ngozi, sura, macho, hata jinsia, bila kuanza upya na mhusika mwingine. Binadamu wakaongezewa rangi za ngozi nyeusi na nywele zinazoendana nazo. Paladini wangu, yule mhusika wangu shujaa wa nuru, hatimaye akafanana na mimi. Nilifurahi mno, siwezi kuficha.

Ninachokitamani bado ni urefu na umbo la mwili. Mchezo mwingine, Guild Wars 2, unakuruhusu kupanga urefu, na charr, wale wanyama wenye manyoya, unawachagulia pembe na hata mabaka ya manyoya yao. Nina charr mfupi, mnene, mwenye pembe zilizopinda. Akisimama karibu na charr wa wenzangu, namtambua hata kwa mbali. Wenu wakoje? Wekeni picha hapa.